Kumsomea Dereva Njia

Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi, kabla ya kutia maji kwenye rejeta na kabla ya kushika hendeli ya kuwashia injini, ilikuwa kumng'oa dereva wangu kope. Alikaa juu ya debe lililopinduliwa nyuma ya ghala, uso ameuelekeza kwenye jua linalochomoza, nami nikasimama mbele yake na kibano kidogo alichofuliwa na fundi wa vyuma sokoni. Nikimwinua ukope kwa kidole gumba naziona: nywele fupi, ngumu, zimepinda kuingia ndani, zinakwaruza jicho kila anapopepesa. Nilizishika moja moja, nikavuta. Hakuguna. Machozi yalimtoka tu, akayafuta kwa mkono wa shati, akauliza, "Zimekwisha?" Nikamwambia zimekwisha. Lakini hazikuwa zinakwisha, maana kope ya namna ile ukiing'oa huota tena, na inayoota huwa fupi zaidi na kali zaidi.

Kwetu Ugogo ugonjwa huo tunauita vikope, na ni nadra kupata ukoo usiokuwa na bibi anayeongozwa kwa fimbo na mjukuu wake kwa sababu hiyo. Ni vumbi, ni nzi, ni maji ya kunawa yanayotafutwa mbali. Kwa bibi anayekaa ndani ya tembe lake ni mateso. Kwa mtu anayeshusha lori la mahindi katika mlima wa Nyang'oro ni jambo jingine kabisa, na pale mjini aliyelijua jambo hilo nilikuwa mimi peke yangu.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya pili, bendera ya Mwingereza bado inapepea bomani. Tulifanya kazi kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi mwenye duka la jumla Dodoma mjini. Tulimwita tajiri, kama madereva wanavyomwita kila mwenye gari. Lori lake, la pua ndefu, lilipeleka ngozi, karanga na samli Iringa, likarudi na mahindi na maharage. Mimi nilikuwa tandiboi: msaidizi wa dereva, anayelala juu ya mzigo, anayepiga hendeli, anayeruka chini na gogo mkononi kuzuia gurudumu lori linapokataa mlima. Msinifikirie mtoto. Nilikuwa na mke, nilikuwa na binti, nilikuwa na ndevu zilizojaa vumbi jekundu.

Shule ya udereva hapakuwa. Ulikaa chini ya dereva, ukala vumbi lake na matusi yake, mpaka siku atakapomwambia tajiri, "Huyu ameiva." Hapo tajiri anakupeleka na lori lake kwa inspekta wa polisi, Mzungu, unajaribiwa, unapata leseni au unarudi juu ya magunia. Bila neno la dereva wako, hakuna tajiri aliyekukabidhi usukani hata wa kuzunguka duka.

Dereva wangu alikuwa mtu mzima wa upande wa Mvumi, mrefu, masikio yake makubwa yametobolewa kwa desturi ya wazee wetu. Udereva aliupata jeshini wakati wa vita, na huko ndiko alikopata ile miwani myeusi ya jua ambayo watu wa mjini waliidhani ni maringo. Mikono yake sijaona mfano wake mpaka leo. Gia iliingia bila mlio. Gurudumu la nyuma likianza kupoteza upepo alijua kabla yangu mimi niliyelikalia juu. Alipenda kuniuliza, "Mlima huu unaupanda kwa gia ipi?" Nikamjibu, ya pili. "Basi na kuushuka ni hiyohiyo. Usije ukaona mteremko ukafikiri umepewa zawadi."

Siku moja, tumekwisha vuka daraja la Mtera, alisimamisha lori akaniita nishuke juu ya mzigo niingie ndani. Nilidhani nimekosa.

"Kaa hapo," akasema. "Nisomee njia."

"Mzee, mimi sijui kusoma."

"Macho si unayo? Unachokiona mbele, sema, kabla hatujakifikia."

Nikaanza. Nilisema mengi, nilisema upuuzi. Nilimwambia kuna mti mzuri. Akaniuliza, "Mti uko barabarani?" Nikasema hapana. "Basi uache, hatukuja kuposa." Kidogo kidogo akanifundisha utaratibu wake. Kwanza upande, halafu kitu, halafu kama kinatembea au kimesimama. Kushoto, ng'ombe, wanatembea. Kulia, jiwe. Mbele, korongo, mchanga mkavu. Mtoto, hata akiwa amesimama, nilitakiwa kusema anatembea, maana mtoto akiona lori hujui miguu yake itaamua nini. Mbuzi akivuka mmoja, wote wamevuka. Punda wa Kigogo hahami, huyo tumzunguke sisi.

Sikumwuliza kwa nini. Kibano nilikuwa nacho mfukoni.

Baadaye alianza kunipa usukani kwenye tambarare, kule kwenye mbuga ambako njia imenyooka na hakuna cha kugonga isipokuwa kichuguu. Lakini hata nikiendesha mimi, alitaka nisome. Nilidhani ni ukorofi. "Sasa naendesha mwenyewe, nimsomee nani?" Akasema, "Nisomee mimi. Nitajuaje macho yako yako wapi?" Mwalimu mwingine angenitazama. Yeye hakuweza kunitazama, basi alinisikiliza, na nikinyamaza kwa kitambo kidogo tu alinipiga kofi la paja. Nilijifunza udereva mdomo na mikono vikienda pamoja, hata ikawa nikishika usukani ulimi unaanza wenyewe.

Mtu atauliza kwa nini hakuacha kazi. Mwaka ule mvua ilikatika mtama ukiwa bado magotini. Kule Nkuhungu, ambako siku hizo kulikuwa mashamba na vichaka, watu walichimba mizizi, na kila treni iliposimama stesheni palikuwa na akina mama wamekaa chini wakingoja wasichokijua. Nyumbani kwake palikuwa na mkewe, mama yake mzee, watoto wake na watoto wa ndugu yake aliyekufa. Dereva aliruhusiwa na tajiri kubeba mzigo wake kidogo juu ya mzigo wa duka. Wetu alibeba mahindi. Kila tuliporudi kutoka Iringa tulikatisha kwa njia inayokwenda Mvumi, tukasimama karibu na kijiji chao, na watoto wakaja mbio na vikapu. Nyumba nzima ilikula kutoka kwenye lori lile. Kumnyang'anya usukani ilikuwa kuwanyang'anya sufuria wote wale.

Nilimwambia juu ya hospitali ya misheni. Nilikuwa nimesikia kwamba wanapasua ukope na kuzigeuza zile nywele zitazame nje. Alijua kuliko mimi, alikuwa amekwisha kwenda. Walimwambia wanaweza kuzuia maumivu, ila kile kiwingu kilichokwisha kutanda juu ya mboni hawawezi kukitoa.

"Na wakinifunga bendeji," akasema, "lori litaningoja?"

Halikuwa la kungoja mtu. 

Basi mambo yangekwenda hivyo sijui mpaka lini, lakini tajiri akaagiza lori la pili. Akasema mbele yetu sote, pale mlangoni pa duka, kwamba angependa kumpa mtu wake mwenyewe kuliko kuchukua mgeni wa Morogoro. Akamgeukia dereva wangu. "Huyu tandiboi wako je, ameiva?"

"Bado kidogo," dereva wangu akajibu. "Milima bado inamtisha."

Ulikuwa uongo mtupu. Safari iliyotangulia nilikuwa nimeupanda Nyang'oro wote mimi usukanini, lori limejaa magunia, bila gogo kugusa ardhi.  Mwezi ukapita, tajiri akauliza tena, akaambiwa bado. Nyumbani mke wangu hakunipa nafasi ya kupumua. "Ngojangoja huumiza matumbo," akasema, "na langu limeanza kuuma. Huyo mzee ana nini na wewe?" Sikuweza kumwambia. Siri ya macho ya mtu hukai ukaisema chumbani, kesho ikawa kisimani.

Mimi ni mtu wa hasira, watu wangu wananijua. Asubuhi moja kibano kikiwa mkononi, ukope wake ukiwa kati ya vidole vyangu, nilimwambia. "Unanizuia kwa ajili ya macho yako."

Hakusogea. "Ndiyo," akasema.

Nilitazamia akanushe. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nina maneno tele ya kumjibu, na yeye akasema ndiyo tu, akabaki ameuinua uso wake kama mtoto anayenyolewa.

"Ningekuwa na mwingine wa kunisomea, ningekuachia jana," akaendelea. "Mtama wa msimu ujao ukivunwa, nitaacha mwenyewe. Nivumilie mpaka mavuno."

Niliing'oa ile kope, nikang'oa na nyingine. Nilikuwa nimejaa ghadhabu, na chini ya ghadhabu nilikuwa namwonea huruma hata nikatamani kulia. Sikumwahidi chochote. Lakini sikumwendea tajiri.

Tulikwenda Iringa, tukapakia mahindi. Kurudi, tulianza kuushuka Nyang'oro jua likiwa juu, yeye ndiye anaendesha. Lori lilikuwa zito, injini inanguruma katika gia ya pili, breki zinanuka. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine bonde, na njia yenyewe upana wake ni wa lori na dua. Nilisoma kama kawaida. Kona ya kulia, mawe madogo. Kona ya kushoto, safi. Halafu tukaizunguka kona nyingine, na pale mbele, njia nzima, palikuwa na wanawake. Walikuwa wanapanda mlima na mizigo vichwani, wengine na watoto migongoni, watu wa njaa wanaokwenda Iringa kutafuta kibarua. Walikuwa wametembea muda mrefu wala hawakuwa na nguvu ya kukimbia; walipoliona lori walisimama tu.

"Mbele, watu, njia yote, wamesimama," nikasema. Sauti haikupanda. Alikuwa amenifundisha isipande, maana sauti ikipanda mguu wa dereva unashtuka.

"Ukutani pana nafasi?"

"Pana. Kulia. Sasa."

Alilibana lori kwenye ukuta wa mlima. Tuliusikia mwamba ukikwangua ubao wa pembeni tangu mbele mpaka nyuma, magunia yakayumba, likasimama. Mwanamke wa kwanza alikuwa karibu sana na bampa hata angeweza kuweka mzigo wake juu ya pua ya lori. Hakupiga kelele. Alitutazama, akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwa," kama mtu aliyekutana na jirani njiani, akapita, na wengine wakamfuata.

Dereva wangu alikaa mikono juu ya usukani mpaka wa mwisho alipotupita. Halafu akavua miwani, jambo ambalo hakulifanya kamwe njiani.

"Walikuwa na watoto?"

"Walikuwa nao."

"Sikuwaona," akasema. "Kijana, sikuona hata kivuli."

Alinipita akatoka kwa mlango wangu, maana wake ulibanwa na mwamba, akapapasa bodi, akaniachia usukani, nikaushuka mlima uliobaki mimi. Kufika Dodoma alikwenda moja kwa moja kwa tajiri, kabla hata ya turubai kufunguliwa. Nilimsikia akisema, "Huyu ameiva. Mpeleke kwa inspekta." Kuhusu mkwaruzo akasema njia ya mlimani ilikuwa nyembamba, na hilo lilikuwa kweli. Kwangu hakusema ataacha lini. Nilifikiri atapumzika, atakwenda kutibiwa, kisha labda atapata kazi ya kulinda ghala, nami nitambebea mahindi yake. Nilikuwa nimekwisha kuipanga hiyo kichwani: nikipata leseni, mahindi yake yatakuja na lori langu, naye ataondoka kwa heshima, kwa kinywa chake mwenyewe.

Siku ya mtihani nilinawa hata shingo. Inspekta aliingia akakaa dirishani, tajiri akajibana katikati yetu, kwa sababu lori ni lake na alitaka kuona mikono itakayolishika. Tukapita stesheni, tukavuka reli, tukaingia mitaa ya maduka. Klachi ilinitii, gia zilinitii. Nilijisikia vizuri, moyo umetulia, na labda hicho ndicho kilichoniponza, maana mtu mwenye hofu huubana ulimi wake.

Inspekta ndiye aliyeniambia. Alikuwa anacheka. "Wewe, unaongea na nani?"

Hapo ndipo nilipoisikia sauti yangu. "Kushoto, baiskeli, inatembea," nilikuwa nasema. "Kulia, mama, kuni, amesimama. Mbele, mtoto, anatembea." Nilikuwa nimesoma mji mzima, tangu tulipotoka, kwa sauti ileile tulivu, kila kitu na upande wake.

"Ndivyo nilivyofundishwa kuisoma njia, bwana," nikasema. Lilinitoka kabla sijalifikiri.

Inspekta alifurahi. Akasema wengine anaowapima huendesha kama wamelala, hawaoni ng'ombe mpaka yuko kwenye rejeta. Akamwinamia tajiri, akamwambia kwa Kiswahili chake cha bomani, "Dereva wako ni mwalimu mzuri sana."

Tajiri hakucheka. Alikuwa mtu wa biashara tangu utotoni, aliyezoea kumtazama mtu anayemwambia pamba ni safi. Alinigeukia, na kwa sababu tulikuwa tumebanana, uso wake ulikuwa karibu kabisa na wangu. Akauliza polepole, "Huwa unamsomea nani?"

Nilisema ni mazoea tu ya matandiboi. Nilisema kila tandiboi anafanya. Nilivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kunikazia macho.

Leseni niliipata. Tulipofika dukani dereva wangu alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ghala, akaisikia injini akasimama, anatabasamu, kwa maana alijua kwa mlio kwamba lori limesimamishwa vizuri. Tajiri alimwendea. Akamwambia avue miwani. Akamtazama macho kwa karibu, jicho moja kisha la pili.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi, tajiri."

"Na lori langu unalishusha Nyang'oro hivyo?"

"Sijaliangusha."

"Lori nitanunua jingine," tajiri akasema. "Watu nitanunua wapi?" Halafu akasema maneno ambayo sikuyatazamia. "Mama yangu ana macho hayo. Nyumbani hatumwachii hata kisu cha vitunguu." Hakufoka. Aliamuru mtu apakie magunia mawili ya mahindi, akaniambia nimpeleke nyumbani kwake siku hiyohiyo, na kwamba nikirudi lori lile la zamani ni langu. La pili akampa mgeni aliyemleta kutoka Morogoro.

Hasira yangu ilikosa mahali pa kutua. Nilimtafuta wa kumkasirikia sikumpata. Tajiri alisema kweli, wale wanawake wa Nyang'oro nimewaona kwa macho yangu. Dereva alikuwa anailisha nyumba yake. Mimi nilifanya kile alichonifundisha, neno kwa neno. Pale mjini watu walinipongeza, mmoja akanipiga bega, akasema ndiyo dunia, kufa kufaana. Nilitaka kumchapa kibao.

Tukaondoka wawili. Alipanda upande wa kushoto, upande wa tandiboi, akakaa na kifurushi chake mapajani. Mji ukatuacha. Njia ilikuwa nyeupe kwa ukame, upepo unazungusha vumbi mashambani. Ulimi wangu ulianza wenyewe, nikaubana, ukaanza tena, nikaubana tena. Nilikuwa natoka jasho kwa kunyamaza.

Yeye ndiye aliyesema. "Kwenye mtihani, ulisoma vizuri?"

"Nilisoma vizuri, mzee."

"Hukuruka kitu?"

"Sikuruka."

Akaitikia kwa kichwa, kwa namna ya mtu aliyeulizia mazao akaambiwa yapo. Nilitaka anitukane. Angenitukana ningeweza kumwomba radhi. Aligeuza uso wake dirishani, ingawa dirishani hakukuwa na kitu chochote kwa ajili yake, na tukaendelea hivyo mpaka kijijini kwao.

Walilisikia lori kutoka mbali. Niliwaona wakitoka kwenye tembe, watoto mbele, mkewe nyuma yao anajifunga kanga vizuri, mama mzee ameshikwa mkono. Nikasimamisha mahali petu pa siku zote. Wote walikuja upande wa kulia, upande wa usukani, vikapu mikononi, wanacheka, na mkewe akafika wa kwanza akaufungua mlango kabla sijaushika, akamsalimia mumewe, kisha akanyanyua uso akaniona mimi. Alitazama kiti nilichokikalia. Kicheko cha watoto kilikatika.

Kutoka upande wa pili nilimsikia dereva wangu akiupapasa mlango akitafuta kitasa. "Niko huku," akasema.